Ukurasa Nisioupigia Mstari

Chumba cha cherehani cha Bibi,
Nyumbani.
Jumapili, tarehe 14, saa nane mchana.

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi cha mwezi uliopita kimekuachia. Bado unapanda ngazi za ghorofa nne kila siku, au wameshatengeneza lifti? Baba na Mama ni wazima wa mwili. Mimi sijambo.

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu sauti yangu hufa, unanijua. Baba alikwambia Bibi alijikwaa, ndiyo maana kidole kikaoza. Hakudanganya, ndivyo anavyojua. Ukweli ninao mimi, na nimeukalia wiki sita.

Nilipomaliza shule ulinipongeza kwa kuingia darasa la homeopathia. Tuko wanafunzi kumi na mmoja katika chumba kimoja juu ya duka la viatu. Siku ya kwanza Mwalimu alianza na methali: dawa ya moto ni moto. Alisema kitu kinachomletea mtu mzima dalili fulani, kikitolewa kidogo mno, huuamsha mwili wa mgonjwa mwenye dalili zizo hizo upambane wenyewe. Kitunguu hukutoa machozi na makamasi, basi mwenye mafua ya namna hiyo hupewa kitunguu. Nilipenda, Shangazi. Shuleni nilikaririshwa tu. Hapa nilihisi nimepewa ufunguo.

Jioni nilikuwa namsomea Bibi masomo yangu huku akishona. Nilipofika kwenye moto alicheka mpaka uzi ukachomoka kwenye sindano. "Mke mwenzangu, dawa ya moto ni maji! Muulize aliyeunguliwa nyumba."

Lakini alipenda ile kanuni kwamba hatutibu ugonjwa, tunamtibu mtu. Mtabibu huketi saa nzima akimsikiliza mgonjwa bila kumkatiza: anaota nini, anaogopa nini, anapenda dirisha wazi au limefungwa. "Hospitali wanaangalia karatasi yangu," Bibi alisema. "Wewe unaniangalia mimi." Kwa mtu asiyeweza kusema, kama mimi, kusikiliza si kazi. Bibi akawa mgonjwa wangu wa mazoezi.

Nilimchagulia salfa, yaani madini ya kiberiti. Unachukua tone moja la dawa, unalitia katika matone tisini na tisa ya maji, unaigonga chupa kwenye jalada la kitabu mara kumi. Kisha tone moja la maji hayo katika tisini na tisa mengine, hivyo hivyo mara thelathini. Tunafundishwa kwamba dawa ikipunguzwa ndipo inapopata nguvu. Bibi alionja, akakunja uso. "Haya si maji ya kusuuzia kikombe?" Akanibandika jina la Daktari Suuza. Alikunywa hata hivyo, kila asubuhi, kwa ajili yangu.

Kisha nikamsomea kanuni ya dawa moja: mgonjwa apewe dawa moja tu kwa wakati mmoja, ili ijulikane ni ipi iliyofanya kazi. Siku chache baadaye nilitafuta kifungo cheupe katika kikopo chake cha vifungo. Chini kabisa nilikuta vidonge vyake vya kisukari, vya siku nne au tano. Nilielewa papo hapo. Nikafunika kikopo.

Watu watasema nilinyamaza kwa haya. Siyo, Shangazi. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kuona kama itafanya kazi.

Bibi akasema kichwa kimekuwa chepesi. Wiki ya tatu kikatokea kidonda kwenye kidole gumba cha mguu wa kushoto. Hapo ndipo nilipofurahi, na hilo ndilo siwezi kujisamehe. Kanuni inasema ugonjwa ukiponyeka hutoka ndani kwenda nje, na juu kwenda chini. Nikamwambia Bibi, "Unatoka, unashukia miguuni." Tena tunafundishwa kwamba hali ikizidi mwanzoni ni dalili njema. Kwa hiyo kila mara kidonda kilipopanuka niliandika daftarini: anaendelea vizuri. Kilipoanza kunuka, niliandika kwamba mgonjwa sasa anapenda dirisha wazi.

Mama ndiye aliyemvua Bibi soksi, Alhamisi. Kidole kilikuwa cheusi. Hospitali wamesema mguu ukatwe chini ya goti Jumanne, la sivyo sumu itapanda mwili mzima. Bibi akakataa kuweka dole kwenye fomu ya kukubali upasuaji. Baba alimpigia magoti. "Mjukuu wangu amesema ugonjwa unatoka," alimjibu. "Mwacheni utoke."

Nilikimbia kwa Mwalimu. Alivua miwani, akaniuliza, "Nani alikwambia umwachishe vidonge?" Hakuna. Akasema nifungue ukurasa wa kwanza wa daftari. Maneno yapo, kwa mwandiko wangu mwenyewe: mwanafunzi hatibu mtu, na mgonjwa asiachishwe dawa ya hospitali. Daftari zima nimelipigia mistari myekundu. Ukurasa huo sikuupigia kwa sababu haukuwa wa mtihani. Nikamuuliza kama katika yale maji ya Bibi kulikuwa na kitu chochote. Alivaa miwani yake, akalifunga daftari, akanirudishia.

Jana, saa ya kuona wagonjwa, nilienda peke yangu. Sauti haikutoka, basi nikamsomea ukurasa ule, kama nilivyokuwa nikimsomea masomo. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Vidonge kwenye kikopo uliviona?"

"Niliviona, Bibi."

"Lini?"

Nikamwambia lini. Akamwita muuguzi, akaomba wino, akaweka dole kwenye fomu. Kisha akageukia ukutani.

Shangazi, barua hii nampa dereva wa basi la usiku akuletee; njoo kabla ya Jumanne kama unaweza. Baba na Mama nitawaambia leo wakirudi kutoka hospitali. Sikuombi unitetee. Nakuomba umshike mkono atakapozinduka, maana mimi sijui kama atautaka wangu. Leo asubuhi nilimpelekea uji, akaupokea, akanishukuru vizuri kabisa. Lakini haniiti tena mke mwenzangu, wala Daktari Suuza. Ananiita kwa jina langu.

Nisalimie binamu zangu wote wawili, na yule jirani yako fundi saa. Mungu akufikishe salama, na akukutanishe na mama yako akiwa hai.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye hata kama barua hii itakufanya ushindwe kunipenda.