Mkanda Ninaouvaa Juu ya Nguo

Dirma,
Wilaya ya Hanang,
Mkoa wa Manyara.
12 Novemba 2005

Mpendwa mdogo wangu Hermani,

Marahaba. Najua shikamoo yako iko njiani, nimeipokea kabla haijafika, kwa hiyo usipoteze mstari kuiandika tena. Hujambo wewe? Evelyne na watoto hawajambo? Kile kikohozi chako kimekuacha au mmezoeana? Huku sisi ni wazima wa mwili. Magoti yangu yanalalamika asubuhi, jua likipanda yananyamaza. Shemeji yako Cornel anakula, analala, na redio yake bado anaifungulia sauti ya kufukuza kuku.

Kwanza nikugombeze kidogo. Barua yako ya mwisho ilikwenda kuzunguka Arusha kwa sababu bado unaandika mkoa wa zamani kwenye bahasha. Sisi ni Manyara sasa, makao makuu ya mkoa yapo Babati, na wewe ni mwalimu mzima. Watoto wa watu unawafundisha nini huko Newala?

Mvua bado. Mawingu yanakuja mpaka juu ya mlima Hanang, yanakaa kidogo, yanaondoka zake. Ng'ombe wamekonda, lambo limebaki tope, na joto hili silipatii jina. Wewe unaikumbuka baridi ya kule juu Daudi, tulivyokuwa tunavaa makoti hata tukienda kulala. Huku ukivaa koti watu wanadhani una malaria.

Na ni koti hilo lililoleta mambo yote haya, kwa hiyo nisikilize vizuri.

Najua shemeji Akonaay, kaka yake Cornel na mkubwa wa ukoo huu, amekupigia simu kutoka dukani kwa Nicodemo. Amekuambia uje na kondoo, dada yako asafishwe. Mimi sikukupigia kwa sababu mtandao unashika pale dukani tu, na dukani pana masikio mengi. Barua hii nampa mwalimu anayehamia huko kwenu, aikabidhi mkononi mwako. Alichokuambia Akonaay ni nusu. Mimi nakupa habari nzima.

Unakumbuka ile semina ya huduma ya kwanza parokiani, nilipokuwa bado na cherehani yangu pale Daudi. Akina mama wengine walikula chakula cha semina wakasahau yaliyosemwa. Mimi sikusahau. Tangu siku ile sijatoka nyumbani bila bandeji, wembe mpya ndani ya karatasi yake, kitambaa cha pamba nilichokichemsha na kukipiga pasi, pini, kiberiti, kamba, tochi ndogo, na chumvi na sukari kwa mtu aliyeharisha mpaka kulegea. Vyote vilikaa kwenye mifuko ya koti. Hakuna aliyeniuliza lolote, kwa sababu Daudi kila mtu ana koti na kila koti limevimba.

Cornel alipostaafu ubwana mifugo tukahamia huku kwenye shamba la baba yake, na koti likabaki msumarini. Utavaaje koti kwenye jua hili? Nikavaa magauni mepesi kama wenzangu, na gauni jepesi halina mfuko wa kubeba hata funguo. Nilijaribu kufunga vitu kwenye pindo la kanga, vikawa vinanigonga magoti. Nilijaribu kifuani, kiberiti kikalowa jasho na wembe ukataka kuniua mimi mwenyewe. Usicheke. Mwisho nikachukua kipande cha turubai kutoka hema la zamani la Cornel, nikashona mkanda mpana wenye vifuko vyenye vifuniko, nikaufunga kiunoni juu ya gauni. Nilipendeza, hata kama kazi ni ya mkono wangu.

Kumbe nimejitangaza. Watu walianza kunong'ona habari zangu kisimani. Mwanamke mtu mzima, kabila moja na sisi lakini wa kule juu, kiunoni ana vifuko, ndani ya vifuko kuna wembe na kamba na unga mweupe! Chumvi, Hermani. Chumvi ya kupikia imekuwa unga mweupe. Niliwafungulia mara kadhaa, nikawaonyesha kimoja kimoja, wakaangalia na kuitikia na kuondoka na maneno yao yale yale. Nikaona basi, watazoea.

Mwezi uliopita wanaume wa ukoo walikuwa wanakata miti ya miba kujenga upya zizi la Akonaay. Sisi wanawake tulipeleka kande. Tumefika tu, Gervasi, mtoto mkubwa wa Akonaay, yule mwenye mapacha, shoka likateleza likamwingia chini ya goti. Damu ilitoka vibaya sana. Wanaume wote pale wamejifunga lubega, wengine wako vifua wazi kwa joto, hakuna aliyekuwa na kitu mwilini zaidi ya kisu na ugoro. Mmoja akavua shuka lake lenye kinyesi cha ng'ombe akataka kulibandika pale. Mwingine akakimbilia majivu. Niliwafukuza wote wawili.

Nikamlaza, nikamwinua mguu juu ya gogo, nikabana kidonda kwa kile kitambaa changu kwa mikono yote miwili. Kikalowa, nikaongeza kingine juu yake, nikafunga bandeji kwa nguvu mpaka akanitukana. Nilifurahi kutukanwa, maana alikuwa ameshaanza kunyamaza. Tukampakia kwenye mkokoteni wa punda, nikakaa nimemshikilia mguu mpaka zahanati. Wakamshona. Yuko hai, anachechemea, watoto wake wana baba.

Akonaay jioni ile alinishika mikono yote miwili. Alilia mbele yangu, mtu mzima yule. Nikarudi nyumbani nikiwa na damu mpaka viwikoni, nikamwambia Cornel sasa ndipo nimekuwa mtu wa huku. Nilikuwa mjinga.

Wiki haikuisha, Akonaay akaja tena, safari hii na wazee wawili. Hawakutaka chai. Akaniuliza swali moja tu.

"Shemeji, ulijuaje?"

Nikamwambia, "Sikujua. Ndiyo maana nabeba kila siku."

Haikumtosha. Wamekaa na wenzake wakapiga hesabu zao. Tangu nifunge mkanda ule, radi imepiga ng'ombe wao, mtoto wa jirani ameungua uji, mvua imechelewa, na sasa shoka limemgeukia kijana ambaye ameshika shoka tangu utotoni. Wanasema mtu anayetembea na kitambaa cha damu ameshaiita damu, nayo itakuja tu. Wanasema bandeji ilikuwa inamsubiri Gervasi. Kwa hiyo mkanda uchomwe mbele ya ukoo wote, na watu wa kwetu walete kondoo wa kusafisha pale damu ilipomwagika. Watu wa kwetu ndio wewe. Mpaka hapo hakuna mtu kuingia kwangu, kula kwangu wala kuomba moto kwangu.

Wametekeleza, usidhani ni vitisho. Ninakwenda kisimani wenzangu wakishaondoka. Shamba nimelima peke yangu na Cornel, na unajua Cornel na jembe. Wale mapacha wa Gervasi walizoea kuja kwangu kila asubuhi kunywa maziwa, wananiita bibi, sasa wakiniona njiani wanashikwa mkono na kuvutwa upande wa pili. Hilo linaniuma, Hermani. Mengine nayabeba, hilo linaniuma mpaka nakaa chini.

Cornel ni mwema lakini anapenda amani kuliko anavyopenda hoja. Kaniambia, mama Clement, uchome tu, kisha ushone mwingine mwembamba uuvae ndani ya gauni, nani atajua? Ng'ombe wa watu amewadunga sindano miaka yote ile kabla hawajaugua, leo ananishauri hivyo. Nilimjibu siuvui ng'o. Mchawi ndiye anayeficha. Nikiuficha chini ya nguo ndipo nitakuwa nimewakubalia. Nitauvaa juu, pale pale jua linapoona na wao wanapoona, na anayetaka kujua kilicho ndani aniombe nimfungulie.

Na wewe nakuambia vivyo hivyo. Kondoo wako akikanyaga ardhi hii, hata kama hukusema neno, utakuwa umesema dada yako aliliita lile shoka. Watamchinja, watakula, watanisamehe. Mimi sitaki kusamehewa kwa kuokoa mtu. Wakitaka kunitenga, wanitenge nikiwa na haki yangu. Nitateka maji jioni mpaka nife.

Najua utasema, dada, ni mila tu, kondoo mmoja, mambo yaishe. Mila naziheshimu. Nimekaa nyuma ya wanaume kwenye vikao vyote, mzee sijampita bila salamu, na baba mkwe alipofariki mimi ndiye niliyemwosha miguu kitandani. Lakini kesho kutwa atakatwa mwingine, au mama atajifungulia njiani, na kila mwenye kitambaa safi atakiacha nyumbani kwa kuogopa kuulizwa alijuaje. Hapo mimi na kondoo wako tutakuwa tumefanya nini?

Sasa nikuambie la juzi, halafu nifunge.

Kikao ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu. Nilidhani mkanda utachomwa na Akonaay mwenyewe. Kumbe wameamua atakayeutia motoni ni Gervasi, kwa kuwa damu ilikuwa yake. Amekuja mwenyewe kuniambia. Alikuja mchana kweupe akisaidiwa na fimbo, akavuka kizingiti, akakaa kwenye kigoda changu huku kila mtu wa upande ule akimwona. Alinisalimia, "Shikamoo, mama mdogo," kisha akanieleza walichoamua. Nilimwuliza alimjibu nini baba yake. Akasema hakujibu, baba ni baba.

Sikumlaumu. Nilimwambia, "Siku hiyo mimi sitauvua. Ukiutaka, njoo uufungue mwenyewe kiunoni kwangu."

Aliinamisha kichwa. Nikaona bandeji ya mguuni imelegea na vumbi limeingia ukingoni, maana zahanati ilimwambia arudi na hakurudi. Nilikwenda kunawa mikono, nikarudi nikachutama mbele yake, nikafungua kifuko. Akanyoosha mguu, Hermani. Hakuna aliyemwambia. Alinyoosha mguu kama mtoto anayevishwa kiatu, akanitazama mikono mpaka nilipobana pini ya mwisho.

Akaondoka taratibu kwa njia ile ile ya katikati ya nyumba za watu, bandeji mpya inang'aa juani. Atafanya nini Jumamosi ile mimi sijui, na nadhani yeye pia hajui.

Mpe Evelyne salamu zangu nyingi, mwambie kitenge alichonitumia nimekishona na kinanipendeza. Wasalimie watoto wote, hasa Yonas, mkumbushe kwamba jina alilonalo ni la babu yake aliyekuwa haogopi vikao. Cornel anakusalimu, na Clement akipiga simu kwako mwambie mama yake hajambo na asije kugombana na mtu. Mungu awafunike huko mliko, awape mvua ya kiasi na moyo usiotetereka.

Ukipata nauli, njoo. Ukishuka kwenye basi Katesh uje mikono mitupu, uingie kikaoni, ukae karibu yangu. Ukishindwa kuja mikono mitupu, baki huko, nitakupenda vile vile, nami nitakaa peke yangu.

Ni mimi dada yako nikupendaye, ambaye hajafungua mkanda,

Ludovika