Maharagwe ya Padri Yameharibu Posa ya Wifi

Mpendwa Mshauri Edah,

Naomba msaada wako haraka kabla mama mkwe hajanirudisha kwetu Kitale. Mimi ni Chepkemei, nimeolewa hapa Kimilili, Bungoma, na Wakhungu, na kabla ya ndoa nilimpikia padri mmoja Mwitaliano kule Kitale, akanifundisha kukaanga maharagwe ya kwao, unachemsha mpaka yalainike kabisa, unakaanga kitunguu saumu kwenye mafuta bila huruma, unatia nyanya na yale majani membamba ya kunukia ya ua wa misheni, unamwaga maharagwe na kuyaacha yashike chini kidogo, na ukiyala na mkate unaweza kusahau jina la baba yako. Sasa Jumamosi walikuja wazee kutoka Malakisi kumposa wifi yangu Rahab, mama mkwe akanipa kuku nipike, nami kwa kiherehere changu nikaona si vizuri wageni wangoje jogoo mgumu aive huku wakitazamana, nikawapelekea maharagwe waanzie, maana padri alisema ni chakula cha pembeni tu, lakini wale wazee mambo ya pembeni hawayajui, walikula wakaomba tena, wakapangusa sufuria kwa mkate, mzee Barasa, baba wa kijana anayeposa, akalegeza mshipi, na kuku alipofika mezani wote wakasema ati asante, tumeshiba, hakuna aliyegusa hata paja.

Si unajua hapa kwetu mkwe akikataa kuku amekataa nyumba? Mama mkwe alitoka nje akapiga kelele ati huyu mtu wa mlima, yaani mimi, ameua ndoa ya mtoto wake kwa githeri isiyo na mahindi, Rahab analia na hanisemeshi, na mume wangu, ambaye siku hiyo alikuwa amejificha jikoni na sahani yake, anaangalia dari tu. Mama amesema nisipoondoka, ataondoka yeye. Tena juzi mzee Barasa alituma mtu kuuliza kama maharagwe yalibaki, nikaona ni matusi, sikumwambia mtu yeyote. Nifunge mizigo? Nampenda huyu mwanaume ingawa ni mwoga.

Chepkemei, Kimilili

---

Chepkemei,

Pole. Sasa kaa chini nikugombeze.

Nani alikutuma kuwafungulia wazee wa posa tumbo kabla ya kuku? Ukiwa umeolewa Bungoma, hata Papa mwenyewe akija, kuku ndiye anatangulia. Padri wako alikufundisha kupika, hakukufundisha kuozesha. Mama mkwe ana haki ya kukasirika, na mimi ningekufukuza jikoni kwa mwiko.

Lakini wewe mama, una akili kweli? Mzee ametuma mtu kuulizia sufuria yako, na habari hiyo umeikalia wakati Rahab anamaliza machozi! Mtu aliyekataa nyumba anaulizia makombo ya nini? Hawakukataa kuku bana, walishindwa kupumua!

Leo hii nenda kwa mama mkwe, piga magoti, omba msamaha, na usitaje Mwitaliano hata mara moja. Mpe habari ya mzee Barasa, Rahab akiwapo. Halafu waiteni wageni tena. Safari hii mama mkwe abebe kuku mezani kwa mikono yake mwenyewe, na wewe ukae jikoni, mlango umefungwa, usitoe hata harufu mpaka uone mifupa kwenye sahani. Hapo ndipo upeleke maharagwe, kidogo, uwaache wakitamani.

Tumebaki na Wakhungu. Ni yeye anayekuuma, kuliko mama yake, na ndiyo maana umemtaja mwishoni kwa sauti ndogo. Mizigo usifunge. Mwambie asimame mbele ya mama yake aseme, "Mke wangu haendi popote," kwa sauti ya kumfikia jirani. Akisema, mpakulie maharagwe mpaka naye alegeze mshipi. Akinyamaza, mpe ugali na chumvi, kesho ugali na chumvi, mpaka ulimi umfunguke.