Pumzi Kabla ya Kikao

Jumatatu, 3 Machi

Nimekaa asubuhi kwenye mkeka, chumba cha mapacha wetu, ambacho ni changu tangu waende chuo. Neno langu moja la kutafakari. Nalirudia kimoyomoyo, linapotea, nalifuata, linapotea tena. Tangu mwaka jana ni neno hilohilo. Daktari alitaka presha ishuke, imeshuka. Tumeshukuru. Lakini mtu mwenye akili timamu atakaa na neno moja mpaka lini?

Mwalimu wangu wa yoga anasema ongeza kitu kimoja, kiache mpaka kiwe cha kawaida kama kupiga mswaki, ndipo ufikirie cha pili. Sawa kwa watoto. Mimi vitabu huanza kuvisoma kwenye hitimisho, halafu nagombana navyo nikirudi nyuma.

Kikao cha kamati ya mji kuhusu maktaba yetu kimepangwa Ijumaa ya tarehe 21. Wanataka kuibomoa wajenge maegesho ya magari. Maegesho! Upande wetu, wa kuitetea, tumeruhusiwa wasemaji wawili, mkutubi na mimi. Mwenyekiti wa kamati nilimbandika jina la Bwana Maegesho kwenye safu yangu ya gazeti, na sasa hata wauza magazeti wanamwita hivyo. Siku hiyo nataka niwe mkali na mtulivu, vyote kwa pamoja. Neno moja halitanifikisha huko.

Alhamisi, 6 Machi

Nimemaliza kitabu cha mbinu za juu za pumzi. Leo nimeanza. Kwanza kupandisha pumzi kwa mawazo kwenye uti wa mgongo. Kisha kuziba tundu moja la pua kwa kidole gumba, kuvuta, kubana, kuachia kwa tundu la pili. Kisha kidevu kifuani. Kisha pumzi ya mvukuto, harakaharaka, kama mhunzi anayechochea makaa. Kitabu kinasema kila mbinu ipewe miezi yake. Waandishi huweka maneno hayo ili kujikinga na wasomaji wazembe.

Na kweli — mwanga. Nyuma ya paji la uso, kama mtu kafungua dirisha. Nimeandika safu nzima bila kuinuka. Mhariri kapiga simu kuuliza nimekula nini.

Jumamosi, 8 Machi

Mume wangu, Baba Mapacha, anasema nilikuwa naimba nikiosha vyombo. Sikujua. Nimeongeza muda, asubuhi na jioni. Kwa nini hawa walimu wanatuficha haya mambo?

Jumatano, 12 Machi

Joto. Linaanzia kiunoni, linapanda hadi masikioni. Usingizi hauji, na ukija ni wa mang'amung'amu. Mikono inatetemeka kidogo nikishika kikombe. Jana nimelia kwa tangazo la sabuni kwenye redio. La sabuni!

Kitabu kinasema mwili unajisafisha. Basi usafishwe mpaka mwisho. Adui akianza kurudi nyuma hapewi nafasi ya kupumua. Nimeongeza mzunguko wa mvukuto.

Baba Mapacha kaniuliza kwa upole kama haya mambo yana breki. Nimempa vidonge vyake, vya maneno. Kaenda zake kumwagilia maua, na maua yalikuwa yameshamwagiliwa.

Ijumaa, 14 Machi

Aibu. Niandike haraka, yaishe.

Tulikutana maktaba, chumba cha magazeti ya zamani, tufanye mazoezi ya kikao. Mkutubi akaanza kusoma maelezo yake. Ni mama wa makamo kama mimi, sauti ndogo, miwani imefungwa kwa kamba. Aliposema "tunaiomba kamati", mori ukanipanda. Joto lile lile, kiunoni hadi masikioni, kabla sijafikiri neno. Nikamwambia hatuombi, ombaomba ndio huomba. Nikamwambia kwa unyonge wake angewashikia hao wabomoaji ngazi. Na mengine ambayo sitayaandika. Wasomaji wawili wakafunga vitabu, wakatoka.

Alikunja karatasi, akavua miwani, akaifuta muda mrefu. Halafu akasema, "Dada yangu, maktaba hii ndiyo maisha yangu. Ukiongea hivi Ijumaa ijayo, watatunyima kwa sababu yako, si kwa sababu yao."

Anaona bora asimame peke yake. Kasema atalifikiria hadi Alhamisi.

Peke yake! Watamtafuna mzima. Na mimi ndiye nitakuwa nimewapakulia.

Jumamosi, 15 Machi

Nimemfuata mwalimu wa yoga kazini. Kwa kazi ni mtaalamu wa viungo hospitalini, anawafundisha watu kutembea upya. Alikuwa na mzee mmoja katikati ya vyuma viwili vya kushikilia. Mzee anataka kuachia mikono. Anaambiwa bado. Anatukana, tena matusi ya kisomi. Nikacheka.

Mwalimu kageuka. "Unamcheka nani?"

Nikanyamaza. Kwangu hilo ni tukio.

Nilimweleza yote akiwa anakula chungwa. Aliuliza maswali makavu: usingizi, chakula, mikono, hasira. Nikamtolea ushahidi wa kitabu, ukurasa kwa ukurasa. Akasema kitabu hakijakosea, ila kiliandikwa bila kuniona. Mbinu moja ikizidi unajua ni ipi, unaipunguza. Ukibugia nne kwa mpigo, mwili ukipiga kelele hutajua kelele ni za nani. Hapo, lazima nikiri, ni hoja safi. Ningejivunia kuiandika mimi.

Amri zake: acha zote. Neno peke yake, nusu ya muda. Chakula kizito. Kutembea. Kazi ya mikono, yenye jasho. Mambo yakitulia, mbinu moja tu, kwa kipimo cha kijiko cha chai.

Nikauliza lini. Akasema nitajua nitakapoacha kuuliza. Nikamwambia hilo ni jibu la watu wasio na jibu. Kacheka mpaka chungwa likamponyoka.

"Haya. Ukilala usiku kucha, na kikombe kisitikisike, kwa wiki kadhaa mfululizo. Hilo ni jibu?"

Hilo ni jibu.

Jumapili, 16 Machi

Mtu akinitajia ile methali ya haraka na baraka nitamrushia kiatu.

Baba Mapacha kanipa msasa na ukuta mzima wa uani unaosubiri rangi. Kaniambia nibishane nao, haujawahi kushindwa. Nimeukwangua mpaka mabega yakakataa. Nimekula mara mbili. Nimelala mchana kama gogo, mdomo wazi — ushahidi wake, si wangu.

Jumanne, 18 Machi

Joto limepungua. Na moto je? Hilo ndilo linalonitisha. Mhariri kairudisha safu ya wiki hii, eti kama mchuzi usio na chumvi. Nimeisoma tena. Yuko sahihi.

Nimekaa na neno langu, muda mfupi. Kavu. Hakuna dirisha, hakuna mwanga. Kiti cha abiria kwenye basi lililozimika. Lakini nimewaza jambo nikikwangua ukuta. Kwenye mijadala pia ndivyo nilivyo. Hoja ya kwanza haijatua, nimeshatupa ya tatu. Watu wananishangilia, wapinzani wanakimbia. Niliowanyamazisha ni wengi. Niliowabadilisha mawazo sijui kama watajaza benchi moja. Mtu hawezi kubadili mawazo huku anakwepa mawe.

Au hiki nacho ni kisingizio cha mwili uliochoka? Sijui. Naandika tu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekwenda kwa mkutubi. Nilikuwa na hotuba ya msamaha, yenye sehemu tatu. Nimesema sehemu moja, nikaacha.

Kanisogezea kiti. Amekubali tuwe wawili. Yeye ataanza. Mimi nitasimama mwisho, baada ya mapumziko, kama bado kutakuwa na la kusema. Ana sharti moja: nisije na ule mvuke. Ndivyo alivyouita, mvuke. Nikamuahidi.

Ijumaa, 21 Machi

Mapumziko. Niko kwenye kijichumba cha kuhifadhia viti, kando ya ukumbi. Nimefunga mlango.

Mkutubi kasoma vizuri kuliko nilivyotarajia, na polepole. "Tunaiomba kamati" — kayasema vilevile, na wajumbe wawili waliinua vichwa. Halafu Bwana Maegesho akauliza nani siku hizi anasoma vitabu, simu si zipo. Ukumbi ukacheka. Mkutubi akarudia takwimu zake, sauti ikazidi kuwa ndogo. Mjumbe mmoja akaanza kukusanya karatasi. Nimemuona.

Zamu yangu inafuata. Nami niko baridi. Nimejipapasa ndani nikitafuta ule moto kama mtu anayetafuta funguo, sijaupata. Hoja ninazo. Moto sina.

Mvukuto ungeuleta. Mzunguko mmoja, kubana mara moja, kidole kwenye pua, na ningetoka hapa nikiwaka. Nani atajua? Mkutubi angejua. Angeuona masikioni kwangu. Lakini akipoteza maktaba kwa sababu nilisimama kama kinyago, atanishukuru kwa kutimiza ahadi?

Viti vinaburutwa. Wanarudi mezani.

Mkutubi anagonga mlango. Ananiita dada, anauliza kama niko sawa. Nimemjibu nakuja. Bado nimekaa. Naandika, maana mkono unaoandika hauwezi kuziba pua. Ngoja nimalizie sentensi hii, na nyingine moja, kisha nitoke hivihivi, na hoja zangu, bila mvuke.