Rekodi ya Kumi na Moja

Kaka Masikio mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi, pamoja na za mama, ambaye muda wote amesimama nyuma ya kiti changu akidai naandika kama kuku anayeparua. Hujambo? Mgongo umepoa? Wifi na watoto hawajambo? Sisi huku tu wazima, ila goti la mama linanuna kila hali ya hewa ikibadilika. Sasa amekwenda kujinyoosha, kwa hiyo naweza kusema kilichonifanya nishike kalamu badala ya simu.

Ruta uliyotuma, kile kisanduku cha intaneti, imefika salama. Boksi liko chini ya meza yangu ya kukatia vitambaa, bado lina utepe wake. Mama kila siku ananiuliza nangoja nini. Ulisema nichomeke tu flashi yenye sauti za marehemu baba, mengine utayapanga mwenyewe kutoka huko, na kila kilichomo utakiona. Tangu useme hivyo sijaligusa boksi.

Unakumbuka ruta ya zamani haikuiona flashi kabisa. Fundi kompyuta wa mtaa wa pili akaja, akasema flashi hufomatiwa kwa namna nyingi, na ruta yetu ilikuwa haiijui ya kwetu. Akahamishia rekodi kwenye kompyuta yake, akaifomati flashi upya kwa namna inayoeleweka na ruta, akazirudisha. Mama alipomsikia mumewe kwenye spika ya sebuleni alikaa chini na ufagio mkononi. Siku hiyo hiyo wewe, kwa ufundi wako wa sauti za redio, ukaingia kwenye ruta kutoka mbali, ukaisafisha rekodi ya kwanza na kuihifadhi juu ya ile ya asili. Ukanipigia kwa furaha kwamba kikohozi chote kimetoka. Kilitoka kweli, na pamoja nacho pale baba aliponiita, Sindano, lete maji. Simu niliyorekodia ilishakufa, fundi alishafuta zake, nakala nyingine sina. Nilikasirika sana, kaka, na sikukuambia.

Kesho yake ulipojaribu kusafisha ya pili, ikakataa. Nikakueleza kwamba ruta yetu inaisoma flashi lakini haiwezi kuiandikia. Ukaamini, maana ruta za hivyo zipo. Nilikudanganya mchana kweupe. Fundi alikuwa amenionyesha ukurasa wa ruhusa, nani asome tu na nani aandike, na mimi ndiye niliyeondoa alama ya kuandika mbele ya jina lako. Ukahangaika kututafutia ruta nyingine, nami nikaitikia tu, ahsante kaka.

Hilo ni dogo. Wewe unahesabu rekodi kumi, lakini ziko kumi na moja. Ya mwisho iko kwenye folda yake, inayofunguka kwa jina langu peke yake. Hata mama haijui. Unakumbuka mara mbili nilikuita kwa kiherehere, ukaacha kazi ukaja mbio, ukamkuta baba amekaa barazani anagonga soli za viatu vya watu na kutucheka. Mara ya tatu alipozidiwa niliona haya kukuita. Nikajisemea ngoja kwanza, huenda ataamka vizuri. Mchana huo nikawa namrekodi. Akakohoa, nikampa maji, akaniuliza kama umeshaondoka huko. Nikamjibu uko njiani. Nilikuwa hata sijakupigia. Nilikupigia jioni, alipokuwa ameshatutoka.

Umeniuliza mara ngapi kama alikutaja, nikasema alikuwa amelala. Hakuwa amelala. Nisamehe, kaka. Mama nitamwambia mwenyewe akiamka.

Asubuhi hii nimerudisha alama zote mbele ya jina lako, kwenye folda zote: kusoma, kuandika, kufuta. Sikuweka nakala pembeni. Ila isikilize mpaka mwisho kabla hujaigusa. Baada ya uongo wangu kikohozi kinamshika baba tena, na katikati ya kukohoa anasema nikuambie usikimbie barabarani, yeye anakungoja. Ukikitoa kikohozi, maneno hayo yatatoka nacho.

Nibusie wifi, na watoto waambie shangazi yao anawashonea sare, watume vipimo. Mama ameamka, namsikia ananiita.

Mdogo wako,
Sindano