Madirisha ya Ukumbi wa Pasi

Nyumbani kwa Mama,
Chumba cha uani,
Jumanne, 11 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Kabla ya lolote, hali yako? Mgongo je, umepona au bado unautibu kwa kuusahau? Shemeji hajambo? Na wale mapacha wameacha kuumana? Sisi huku hatujambo. Goti la mama limetulia, isipokuwa akiambiwa apumzike. Hapo ndipo linapopata nguvu za kupanda ngazi. Anakusalimu sana, na analalamika kwamba simu zako siku hizi ni fupi kama za mtu anayekimbilia basi.

Ningependa barua hii ikuchekeshe, lakini nimechefukwa, Kaka. Nimechefukwa hadi chai hainishuki. Aliyenichefua ni rafiki yako uliyesoma naye, yule uliyemwomba anipe kazi ukaniambia nimheshimu kama ninavyokuheshimu wewe. Ofisini tunamwita Bwana Picha, kwa kuwa hawezi kumaliza sentensi bila kukuonyesha picha ya rangi rangi. Mwanzoni nilidhani wanamtania kwa mapenzi.

Hujawahi kuniuliza hasa ninafanya kazi gani, unasema tu "mambo ya kompyuta". Basi ni hivi. Tunachora jengo ndani ya kompyuta, tunaweka madirisha, milango na vitu vinavyotoa joto, kisha programu inapiga hesabu kuona hewa itapita wapi na itakwama wapi. Halafu tunabadilisha kitu kimoja, tuseme upana wa dirisha, tunaagiza hesabu irudiwe. Tunabadilisha tena, inarudiwa tena, mpaka tujue mambo yanaanza kuharibika wapi. Ni kama mama na chumvi: anatia kidogo, anaonja, anatia tena. Tofauti ni kwamba mama akikosea tunajua siku hiyo hiyo.

Sasa mwenye kile kiwanda cha udobi anachofanyia kazi mdogo wetu Kitinda alituletea swali. Vumbi la barabarani linaingia kwenye mashuka yaliyokwisha kufuliwa, kwa hiyo alitaka kuyapunguza madirisha ya ukumbi wa pasi kwa matofali. Akauliza ayapunguze hadi wapi bila kuwaumiza wapiga pasi. Lilikuwa swali la haki. Bwana Picha akasema kazi hiyo ataifanya kwa mkono wake mwenyewe, maana mteja ni mkubwa. Mimi niliandika utangulizi tu, ndiyo maana jina langu likakaa chini ya lake.

Akapanga jedwali la upana wa madirisha, kuanzia pana kabisa hadi mwanya wa kupitisha mkono. Majibu yakatoka yote sawa. Sisemi yalikaribiana, Kaka. Yalikuwa sawasawa hadi tarakimu ya mwisho. Mtu yeyote ambaye kichwa chake si cha kuvalia kofia tu angeshtuka. Yeye alipiga makofi. Akaandika kwamba upana wa dirisha hauna athari yoyote kwa joto la ukumbi, akapeleka ripoti, akatununulia soda.

Baada ya muda akaniambia nichague picha nzuri za kumwonyesha mteja. Nikafungua ile ya dirisha jembamba kuliko yote. Dirisha hilo hapo, limeachama! Nikafungua nyingine, vilevile. Bwana mkubwa alikuwa ameandika vipimo kwenye jedwali bila kuviunganisha na dirisha lenyewe kwenye mchoro. Kompyuta haikulipunguza hata kidogo. Ilirudia hesabu ya chumba kile kile mara zote, na yeye akaona amegundua kitu.

Hilo halikunichefua. Kosa la namna hiyo linaweza kumpata yeyote anayeshika kazi hii. Nilimfuata chumbani kwake, nikafunga mlango, nikamweleza kwa adabu zote ulizonifunza. Akasogeza uso kwenye skrini. Akaona, Kaka. Nilijua ameona kwa sababu aliacha kutafuna kijiti chake cha meno. Kisha akajiegemeza kitini na kusema, "Ripoti imeshafika kwa mteja. Hizo picha zikate hapa pembeni, dirisha lisionekane."

Nikabaki nimesimama pale kama mtu aliyemwagiwa maji ya kuoshea vyombo.

Sikuzikata. Niliviunganisha vile vipimo na dirisha, nikairudia kazi yote upya, na safari hii majibu yakatofautiana kama inavyopasa. Dirisha likipungua chini ya nusu, hewa ya moto inajizungusha kule nyuma ya ukumbi na haitoki. Wenye meza za nyuma wanapumua mvuke wa pasi zao wenyewe kutwa nzima. Nilimpelekea. Hakuzitazama hata hizo picha anazozipenda. Akaniambia mimi ni mtoto wa juzi, na kwamba ofisi ni familia, mambo ya ndani hayatoki nje.

Wakati huo waashi walikuwa wameshamaliza kuyapunguza madirisha ya upande wa nyuma kwa matofali. Kitinda sasa anarudi nyumbani macho mekundu, kichwa kinamgonga, anajimwagia maji kabla hajasalimia mtu. Kuna mwenzake mjamzito ambaye walimkuta amekaa juu ya kapu la mashuka machafu, hajui yuko wapi. Na mwenye kiwanda ameubandika ukurasa wa mwisho wa ripoti mlangoni, ili atakayelalamika ausome kwanza. Jina langu lipo. Wenzake wanamwuliza Kitinda, "Si dada yako huyu aliyesema ni sawa?" Ananiletea maneno hayo mezani, kisha anakwenda kujilaza. Hanigombezi. Afadhali angenigombeza.

Ijumaa nilikwenda kwa mwenye kiwanda na picha za zamani na mpya, zote zikiwa nzima. Akampigia simu Bwana Picha palepale, mimi nimekaa mbele yake. Sijui aliambiwa nini, ila alipoweka simu chini aliniuliza kwa huruma kama nyumbani kuna matatizo.

Jumapili Bwana Picha akaja kwetu. Alikaa kwenye kiti chako, kanyoosha miguu, akamwambia mama kwamba binti yake ana kichwa kigumu na anaichafua ofisi. Mama alimsikiliza hadi mwisho, akamwongezea chai, kisha akamwuliza kwa upole kama anajua mdogo wangu anapiga pasi wapi. Hakujua. Mama akamwambia ni kiwanda hicho hicho, meza ya nyuma kabisa, penye ukuta mpya.

Akakitazama kikombe chake. Nami mjinga nikafikiri, sasa limemwingia, sasa atasema neno la mtu mzima. Akaweka kikombe chini. "Ah, mama, mbona hamkuniambia mapema? Huyo tutamhamishia meza ya mbele, pale mlangoni. Naongea na mwenyewe leo leo."

Mama hajui hata kuiwasha kompyuta. Lakini aliinuka, akachukua kile kikombe, chai haijaisha, akakipeleka jikoni. Mimi nilimwambia rafiki yako kwamba ananitia kinyaa. Nilimwambia usoni, kwa sauti, na mlango uko wazi. Sijutii, Kaka, na naomba usinitake nijute.

Jana Kitinda alipofika kazini alikuta pasi yake imeshahamishiwa mbele. Pale pake pa nyuma wamemweka yule mjamzito. Kitinda alibeba pasi yake akarudi nayo nyuma, akamtoa mwenzake pale na kumpeleka mlangoni. Leo asubuhi amefanya hivyo hivyo.

Picha zote nimempelekea mkaguzi wa kazi, pamoja na maelezo kwamba silitaki jina langu kwenye ripoti ile. Amesema atakwenda kiwandani Alhamisi, mwenyewe. Kazi yangu nadhani imekwisha. Nimeshaleta nyumbani kikombe changu na viatu vya ofisini. Mama ameviona, akavipangusa viatu vumbi na kuvisogeza chini ya kitanda.

Msalimie Shemeji na umwambie kile kitambaa alichonitumia nimeshakishona, kinanikaa kuliko ninavyostahili. Wabusu mapacha, kila mmoja peke yake ili wasigombane. Shangazi naye anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu akunyooshee huo mgongo, akulindie nyumba yako na wote walio chini ya paa lako.

Rafiki yako atakupigia simu, kama hajakupigia. Hataanza na mimi, namjua sasa. Ataanza kwa kukueleza jinsi alivyomsaidia mdogo wetu kupata meza nzuri. Kaka, nakuomba kwa heshima zote: usimshukuru.

Wako akupendaye daima,
Dada yako.