Majibu ya konokono kanisani

Jumamosi, 13 Septemba. Asubuhi hapa kisiwani Goziba kulikuwa na manyunyu.

Koku, nimetoka kanisani sasa hivi.

Wale watafiti waliopima maji na konokono wameleta majibu. Mchungaji Eliud akasema, "Mama Minza anasoma darasa la jioni, atusomee."

Nikasoma kwa sauti. Sehemu tatu za ufukwe zina kichocho, na mbaya kuliko zote ni pale kwenye matete. Koku, pale ndipo tunapobatizia. Pale pale.

Na Minza wangu anabatizwa Jumamosi ijayo. Minza yule yule uliyemuuguza kwako Nshambya, tumbo limevimba kwa kichocho.

Nikaendelea kusoma: maji yakikaa siku mbili kwenye pipa lenye mfuniko, hatari inapungua sana. Mzee Elikana akauliza, "Tumtie binti wa watu kwenye pipa kama samaki wa chumvi?"

Kanisa zima likacheka. Mchungaji naye akacheka, kisha akasema Mungu atatulinda.

Mimi naamini atatulinda. Usiku kucha huwa namwomba. Ila majibu nimeyasoma mwenyewe, Koku.

Nikamsihi Mchungaji tuahirishe tu. Kabla hajajibu, Minza akasimama mbele ya wote. "Mama ndiye aliyenifundisha kwamba nikimwahidi Mungu nisirudi nyuma. Jumamosi nitaingia ziwani."

Wote wakasema amina.

Na mimi nilisema.