Muwa Mmoja Hausemei Shamba Zima

Kidodi,
Mwishoni mwa Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa mzima, na kwamba goti limepunguza kuuma. Mimi sijambo. Malaria niliyowaandikia ilichukua siku sita. Shajara yangu inaonyesha siku ilipoanza na siku niliyorudi kazini.

Uliuliza kazi yangu hasa ni ipi. Wakulima wadogo wa hapa hawakatiwi miwa mpaka utamu upimwe. Huwa nakwenda shambani, nakata muwa mmoja, nakamulia tone kwenye kioo cha kipimo na kusoma namba. Ikifika kumi na nane, wakataji wanatumwa. Isipofika, shamba linasubiri. Sasa hivi kusubiri ni hatari, kwa kuwa masika yakianza malori hayaingii tena mashambani, na miwa hubaki imesimama mpaka msimu ujao.

Mama Zuhura, mwenye nyumba ninayopanga, shamba lake nililikataa mara mbili. Muwa wa kwanza ulisoma kumi na tano, wa pili kumi na sita. Hakugomba. Alinitengea ugali kama kawaida, kisha akasema, "Yusto mwanangu, ukikutana na mtoto wangu mmoja, yule mkorofi, utaandika kwamba nyumba nzima ni wakorofi?"

Nilifungua shajara. Miwa yote miwili niliikata kando ya mfereji, kwa sababu njia inapita hapo, na muwa unaokunywa maji mengi hauwi mtamu. Nikakumbuka ulivyopima mahindi kwenye ghala la ushirika, kabla hawajaja hawa wanunuzi binafsi. Bambo lako, ule mrija wa chuma wa kutolea punje, hukulichoma juu ya gunia tu. Ulichoma na katikati, na chini.

Jumanne nilihesabu mistari ya shamba, nikaandika namba kwenye vikaratasi na kuvitia kwenye sufuria. Mama Zuhura akawa anaokota bila kutazama, akilalamika kwamba sasa tunacheza bahati nasibu. Alitaka nianzie kona ya juu, anakojua miwa imeiva vizuri. Nilikataa, na mistari ya mfereji nayo sikuipendelea wala kuikwepa.

Tulikata mafungu sita, kila fungu miwa mitano. Mmoja mmoja ilitofautiana sana, kutoka kumi na nne hadi ishirini na mbili. Lakini wastani wa mafungu ulikaribiana: hakuna uliopungua kumi na saba na nusu wala kuzidi kumi na tisa na nusu. Muwa chapwa na muwa mtamu ikiwa fungu moja husawazishana, na fungu likikua, wastani wake huzidi kusogelea ule wa shamba zima. Jambo hili nililijibu vizuri kwenye mtihani wa sekondari, nikaliacha hukohuko.

Msimamizi wetu aliweka kidole kwenye fungu lililosoma kumi na saba na nusu, akauliza kwa nini sikulifuta. Nilimjibu kwamba nalo ni la shamba lilelile. Akakokotoa mwenyewe miwa yote thelathini. Ilitoka kumi na nane na nusu. Akatia sahihi.

Wakataji walikuja Alhamisi. Lori la mwisho lilipoondoka nilidhani Mama Zuhura atanishukuru. Aliniuliza, "Na wale wengine uliowapimia muwa mmoja mmoja?"

Nimepekua shajara: wakulima niliowakatalia msimu huu ni saba, kila mmoja na tarehe yake na muwa wake mmoja. Msimamizi amenipa wiki moja tu ya kuwapimia upya, na mawingu yameshaanza kukaa juu ya milima. Kesho alfajiri nakwenda kwa wa kwanza, na sufuria nimeazimwa.

Nisalimie mama, dada anayefundisha shule ya msingi, na mjomba fundi baiskeli. Babu mwambie shikamoo yake naileta mwenyewe, miwa ikiisha.

Mwanao,
Yusto